Gesti zimejaa na jua linazama: kisa cha usiku mmoja kati ya Kaliua na Nguruka

Naandika hiki kisa kwa kirefu sababu kila nikikisimulia kuna mtu lazima anikatishe njiani aseme "si mngelala tu porini na kitenti chenu", na wengine wanasema "si mngekaza tu mpaka Nguruka, kilomita thelathini hizo ni nini". Zote mbili tulizifikiria na zote mbili zilikuwa mbovu, ila kwanini zilikuwa mbovu mi mwenyewe nilikuja kuelewa vizuri baadae kabisa, nyingine nimeielewa siku tunarudi. Kwahiyo tulieni niwape mwanzo mpaka mwisho.

Tulikuwa wawili, mimi na mshkaji wangu wa Morogoro, kila mtu na pikipiki yake ya Boxer, ya kwangu 150 ya kwake 125. Safari ni ya kwenda Kigoma kuliona ziwa, kula migebuka siku mbili tatu, kupita Ujiji pale penye ule mnara wa Livingstone, af kurudi. Ilikuwa mwezi wa sita. Tabora mjini tumelala vizuri tu, gesti ya elfu kumi na tano, maji ya moto ya ndoo, na jioni tumepiga stori na madereva wa malori chini ya miembe wakatuambia njia iko poa mpaka Kaliua na kuendelea kidogo, lami tupu, af kuna kipande kati ya Kazilambwa na Chagu kama kilomita 36 kilikuwa bado vumbi, mkandarasi anachimba, michepuko kibao. Hesabu yetu ilikuwa nyepesi mno. Tabora mpaka Urambo kilomita tisini na kitu, Urambo Kaliua ishirini na nane, Kaliua mpaka Nguruka tuseme mia moja. Jumla haifiki hata mia mbili na thelathini. Kwa Boxer hiyo ni siku ya kutembea huku unaimba.

Sasa plani ilikuwa tung'oke saa moja asubuhi. Tumeng'oka saa nne. Cheni ya mshkaji ilikuwa imelegea mpaka inapiga kava, fundi wa kwanza hana spoketi, wa pili anayo ila yuko msibani, unajua tena. Masaa matatu yamekufa hapo na hakuna aliyeona ni tatizo, sababu jua la kule linadanganya.

Hili la jua nilieleze kidogo maana mtu aliyezoea Dar au Moro hawezi kulifikiria. Nchi nzima saa zetu zinasoma sawa lakini Kaliua iko magharibi sana, kwahiyo jua linachelewa kuchomoza na linachelewa kuzama, tofauti na Dar ni kama nusu saa hivi, na ukifika Kigoma yenyewe inakaribia dakika arobaini. Mwezi wa sita Tabora saa kumi na mbili na nusu asubuhi bado unatafuta viatu kwa tochi. Jioni sasa, saa kumi na mbili kamili unaona jua bado liko juu ya miti, unajiambia aah muda upo. Muda haupo, umekopeshwa tu, na asubuhi ulishakatwa. Siku ina urefu ule ule. Sisi tulikuwa tunaliangalia jua badala ya kuangalia kilomita zilizobaki.

Urambo tumefika saa sita, tukala wali maharage, tukanunua karanga za kukaanga (Urambo na karanga ni stori ndefu, waingereza waliwahi kuja kulima huko miaka ya mwisho ya arobaini wakashindwa vibaya, siku hizi mashamba ni tumbaku na tumbaku). Hilo la tumbaku lishikeni, litarudi.

Kaliua saa nane mchana. Na hapa ndipo kisa chenyewe kinapoanzia. Pancha ilikuja baadae, giza likaja baadae, lakini usiku ule tulishaupoteza hapa Kaliua saa nane mchana tukiwa tumeshiba na tunacheka.

Pale stendi kulikuwa na gesti tatu ambazo naziona kwa macho yangu. Mshkaji akasema, "Kaka, tulale hapa, kesho tunaamka tunapiga mpaka Uvinza." Mi nikasema, "Saa nane hii? Tulale tufanye nini, tuhesabu nzi?" Akasema, "Mbele sijui kukoje." Nikamwambia mbele ni Nguruka, mji, kuna kila kitu, na kumwonyesha kwamba mi ni mtu wa mipango nikaomba namba ya gesti moja ya Nguruka kwa dada wa mgahawani, nikapiga palepale. Akapokea dada mmoja mchangamfu, "Vyumba vipo kaka, njooni tu." Nikamuuliza utatushikia viwili, akasema "nimewashikia, msijali." Mshkaji akanyamaza. Nikajiona nimemaliza kazi.

Nilikuja kuelewa kwamba "nimewashikia" ya kwenye simu bila kutuma hela ni salamu tu, kama "karibu chakula". Yule dada hakunidanganya. Kwa lugha ya gesti alikuwa amesema kwamba kwa sasa vyumba vipo. Chumba kinashikwa na hela iliyoingia, hata elfu tano, au na mtu mwenye begi aliyesimama mlangoni. Mimi sikuwa hata kimoja.

Kitu kingine ambacho kama ningekuwa na akili ningekisoma kwenye ramani. Ukiangalia miji yenye vitanda njia hiyo nzima, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Malagarasi, Uvinza, yote ni stesheni za reli. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lami imekuja juzi. Kwahiyo biashara, mashine za kukoboa, gesti, vimejipanga kufuata treni na sio kufuata barabara. Njia ya gari pale inapoachana na reli unaweza kwenda kilomita nyingi unapita vijiji vizuri tu, maduka yapo, soda zipo, lakini kitanda cha kulipia hakuna, sababu hakuna mgeni aliyekuwa analala pale, wageni walikuwa wanashuka stesheni. Ramani ya simu haikuambii hilo, inakuchorea kijiji kama kijiji.

Basi tukatoka Kaliua. Kama kilomita arobaini hivi mbele, tairi ya nyuma ya mshkaji ikaanza kuyumba. Pancha. Sio shida, tuna tyubu ya akiba. Tunaitoa, tyubu ya akiba ni ya tairi la mbele. Mimi ndio niliinunua, wala sisemi zaidi. Tukakaa pale tunabandika kiraka na solusheni iliyokauka nusu, pampu ya mkono inavuja kwenye mpira, na mbung'o wametuvamia. Mshkaji alikuwa amevaa jaketi la bluu, na kama kuna rangi mbung'o anaipenda ni bluu, ndio maana ile mitego yao ya vitambaa unayoiona imening'inizwa huko maporini ni bluu na nyeusi. Akawa anaruka huku anashika spana. Kucheka nilicheka lakini Urambo na Kaliua ni sehemu zinazojulikana kwa malale toka zamani, kwahiyo sio wadudu wa kufanyia utani. Kiraka cha kwanza kikaachia. Cha pili kikashika. Jumla masaa mawili na zaidi, tunawasha vyombo ni saa kumi na moja na nusu.

Lami ikaisha, tukaingia vumbi. Michepuko ya mkandarasi ilikuwa unga mtupu, ule unaoingia mpaka kwenye soksi, na malori yanapita yanakuachia wingu halafu jioni hakuna upepo, wingu linasimama palepale. Ukiwasha taa mbele yako kunakuwa na ukuta mweupe. Na taa ya Boxer ya kwangu ukipunguza mafuta inafifia, ukiongeza inawaka, sasa kwenye unga huwezi kuongeza. Kwahiyo pale unapoihitaji zaidi ndio haipo. Tulipita hivyo kama kilomita kumi na kitu tu na mshkaji alishaanguka mara moja, taratibu, hakuumia, kioo cha kuangalia nyuma ndio kimevunjika.

Saa kumi na mbili na nusu tukaingia kijiji kimoja kikubwa kiasi. Jina nitaliacha. Pale kwenye maduka tukaambiwa gesti zipo mbili. Nikashusha pumzi.

Ya kwanza ina vyumba sita, imejaa. Ya pili ina vyumba vinne, imejaa, na kwenye korido kuna watu washatandika mikeka. Dada wa mapokezi anatuangalia kwa huruma, "Kesho soko la tumbaku kaka, mmekuja siku mbaya."

Kwa asiyejua: tumbaku kule inauzwa kwa siku maalum kwenye vyama vya msingi vya wakulima. Siku hiyo anakuja mteuzi wa kupanga madaraja, wanakuja wanunuzi wa makampuni, makarani, madereva wa malori na matandiboi wao, wanakuja wakulima toka vitongoji vya mbali na mitumba yao ya tumbaku, na nyuma ya wote wanakuja wauza vitenge, wauza simu, wauza supu na wakina dada, sababu hela inanukia. Wote wanaingia usiku wa kuamkia soko. Kijiji chenye vitanda kumi kinapata wageni mia. Msimu wa masoko unaenda kuanzia kama mwezi wa nne wa tano mpaka wa saba huko. Yaani tulichagua mwezi wa sita sababu mvua imeisha na barabara kavu, na ndio mwezi huohuo kila mwenye shughuli amechagua, kwa sababu hiyohiyo. Hii sikuwahi kuifikiria kabisa. Kiangazi hakikufunguliwa kwa ajili yangu peke yangu.

Hapo sasa tukasimama na vyombo vyetu pembeni ya duka, watoto wametuzunguka, jua limebaki kidole kimoja juu ya miti. Machaguo yalikuwa haya.

Kukaza mpaka Nguruka. Mimi ndio nilikuwa naitetea hii, si nina vyumba nimeshikiwa. Kilomita kama thelathini, zaidi ya nusu yake vumbi na michepuko, giza, taa ndio hiyo, baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa bila hata kiakisi mwanga, mikokoteni ya ng'ombe inarudi toka mashambani, na tairi lenye kiraka cha solusheni mbovu. Mshkaji akasema neno moja tu, "Piga simu kwanza." Mtandao ulikuwa unapatikana ukisimama juu ya kifusi cha mchanga pale kwenye jengo fulani halijaisha. Nikapanda kifusi, nikapiga. Dada yuleyule, mchangamfu vilevile. "Aah kaka, si hamkutuma kitu, mi nikajua mmeghairi, watu wa treni wamechukua vyote." Nikakaa chini palepale kwenye mchanga. Yaani kama simu isingeshika, tungeenda tuvunjike shingo gizani kwa ajili ya chumba ambacho hakipo.

Kulala porini. Hii ndio wengi mnaipigia debe. Kitenti tulikuwa nacho kweli. Mi nilidhani shida ni mbung'o, kumbe mbung'o ni mdudu wa mchana, usiku anapumzika kama wewe. Wanyama, sawa, fisi wapo, lakini hiyo nayo haikuwa shida kubwa. Shida ni watu, na simaanishi majambazi. Ule ni ukanda ambao sungusungu ilizaliwa, Unyamwezini na Usukumani, mwanzoni mwa miaka ya 80, sababu ya wizi wa ng'ombe. Mtu akiona mwanga wa tochi porini saa nne usiku na pikipiki mbili zimefichwa kwenye kichaka, hafikirii "hawa ni watalii wa ndani". Anafikiria wezi, au majangili sababu mapori ya hifadhi yako karibu, au watu waliovuka mpaka kinyemela sababu mbele huko ni Kigoma na Burundi iko jirani. Yowe likipigwa likajibiwa na kitongoji cha pili, kujieleza kwa lafudhi ya Moro gizani mbele ya marungu thelathini ni mtihani ambao sitaki kuufanya. Na hata wasipokuja, utalala? Kila kijiti kikivunjika unakaa.

Kulala barazani kwa gesti na wale wa mikeka. Hii iliwezekana, dada alitaka elfu mbili kwa kichwa. Lakini vyombo viwili na mabegi nje usiku wa kuamkia soko, kijiji kimejaa watu wasiojuana, tukaona hapana.

Kurudi Kaliua, hilo hata hatukulijadili.

Aliyetutoa ni mama ntilie. Tulienda kula tu, tukasema shida ikiwa tumboni na chakula kikiwemo inapungua. Ugali na nsansa ya karanga, ile mboga ya majani ya kukausha ya kinyamwezi, na kipande cha samaki. Tukala kimya. Akatuuliza mnalala wapi wanangu, tukamwambia. Hakushangaa wala hakutoa ushauri. Akamwita mtoto wa kama miaka tisa, "Wapeleke kwa mwenyekiti." Af akatugeukia, "Semeni mmetoka kula kwangu."

Hiyo sentensi ya mwisho nimeifikiria sana. Tungeenda wenyewe kwa mwenyekiti tungekuwa watu wawili wenye vumbi wametokea gizani. Tulipoenda na yule mtoto tukawa wageni wa mama fulani aliyetuona sura zetu kwenye mwanga, akatusikia tunavyoongea, akatulisha. Hata gesti mbili zile hazikuwa zimetuuliza chochote zaidi ya chumba. Mimi miaka yote nikifika sehemu ngeni swali langu ni "gesti iko wapi", na jibu la swali hilo likiwa "imejaa" basi nimekwama. Kumbe swali lingine lipo, "mwenyekiti anakaa wapi", na jibu lake halijai.

Mzee tulimkuta anakunywa chai nje kwake, redio pembeni. Tukavua helmeti kabla hatujafika, hilo mshkaji ndio alinikumbusha. "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibuni." Hakutukaribisha kukaa kwanza. Akauliza mnatoka wapi, mnaenda wapi, nani kawaleta, vitambulisho viko wapi. Tukatoa vya NIDA. Akavishika akavisogeza karibu na taa ya sola, akasoma jina langu kwa sauti, akaniangalia usoni, akasoma la mwenzangu, akamwangalia. Akaingia ndani akatoka na kauntabuku imefungwa na mpira wa tyubu. Imechorwa kwa rula na peni nyekundu: jina, kabila, atokako, aendako, namba ya simu, namba ya chombo, tarehe ya kufika, saini, tarehe ya kuondoka, saini. Akaandika mwenyewe pole pole, namba za pikipiki akaenda kuzisoma kwa tochi hakutuamini tulivyomtajia. Akatusainisha. Ile saini ya mwisho akaigusa na kidole, "Hii mtasaini asubuhi."

Af akapiga simu kwa mtendaji wa kijiji, wakaongea kinyamwezi, nikasikia "Morogoro" mara mbili. Alivyokata ndio akasema, "Haya kaeni sasa, mama leta chai."

Mnaona mpangilio wake? Kwanza daftari, halafu simu, halafu kiti, halafu chai. Wakati ule nilikereka kidogo, nimechoka napigwa maswali kama mtuhumiwa. Sasa hivi nasema yule mzee alikuwa anajua kazi yake, na alikuwa anatulinda na sisi pia. Baada ya ile simu hakuna mtu kijijini angeweza kutuuliza sisi ni nani, tulikuwa tumeandikwa.

Akatupa chumba cha kijana wake aliyekuwa shule ya bweni. Kitanda kimoja cha futi tatu na nusu, wanaume wawili, kichwa huku miguu huku. Chandarua kilikuwa na matundu mawili na kila tundu limekusanywa likafungwa fundo na uzi mweusi, kwahiyo juu yetu kulikuwa na vinundu kama vya mkia wa mbuzi. Ukutani ratiba ya masomo na picha ya timu ya mpira. Pembeni mitumba minne ya tumbaku inasubiri soko la kesho. Harufu yake sio mbaya, tamu tamu kama zabibu zilizochacha, lakini ukiilalia usiku mzima kichwa kinagonga. Mshkaji alifungua dirisha, baridi ya mwezi wa sita ikaingia, akalifunga, akalifungua tena, ndio ulikuwa usiku wetu. Vyombo vilikaa uani, mgambo mmoja wa zamu akapita kupita hapo.

Suala la malipo nalo niliseme maana linawachanganya wengi. Nilivyomtolea mzee elfu kumi na tano aliniangalia kama nimemtukana. "Hapa sio gesti." Nikarudisha mfukoni nimeaibika. Mshkaji, ambaye safari nzima ana akili kuliko mimi, alikwenda dukani usiku uleule akarudi na sukari kilo mbili, majani ya chai na sabuni ya mche, akampa mama mwenye nyumba moja kwa moja, mzee hata hakuangalia. Vikapokelewa kwa mikono miwili. Mgambo tukampa elfu tano ya vocha, hiyo haikuwa na maneno. Jumla haifiki hata bei ya vyumba viwili vya Kaliua, lakini tusingeweza kuileta kama bei.

Asubuhi saa kumi na mbili giza totoro. Tulitaka kuwahi kabla malori ya tumbaku hayajaanza kutimua vumbi. Mzee alishatoka, ameenda kwenye ghala la chama kusimamia mambo ya soko. Mama akatupa uji wa moto, "mwangaluka", tukajibu "mwangaluka" kwa lafudhi iliyomchekesha mpaka akashika mlango. Tukaaga, tukaondoka. Saa mbili na nusu tuko Nguruka, kuna fundi ana tyubu saizi yenyewe. Mchana tumevuka daraja la Kikwete pale mto Malagarasi, ukitazama chini unaona yale mabwawa na matete hayaishi, jioni tuko Kigoma. Kigoma sina cha kusimulia, ilikuwa raha tupu, na gesti zote kuanzia hapo tulikuwa tunatuma nusu ya hela kabla ya saa nane mchana.

Sasa siku tunarudi, siku ya tisa toka tulale pale. Tukasema tupite kumsalimia mzee, tumembebea mawese lita tatu na dagaa wa Kigoma. Tunaingia uani, "Shikamoo mzee", hakuitika marahaba. Akasema, "Kumbe mpo." Akaingia ndani. Akatoka na kauntabuku.

Akafungua ukurasa wetu, akaugeuzia upande wetu. Mistari yote ya juu yetu na ya chini yetu imejaa mpaka mwisho, wanunuzi, madereva, muuza vitenge mmoja wa Tabora, kila mmoja na saini mbili. Yetu ina saini moja. Kwa daftari lile tulikuwa bado tunalala kwake.

Akatueleza taratibu bila kupandisha sauti. Usiku wa pili yake, soko limeisha, watu wana hela, duka moja lilivunjwa. Polisi walivyokuja wakaomba daftari la wageni, wakaangalia nani ameingia na hajatoka. Wawili tu, Morogoro, pikipiki namba hizi na hizi. Mzee ikabidi aseme hawa waliondoka asubuhi kabla ya soko, ushahidi wake ni mke wake na uji. Namba yangu ilipigwa, na mimi ile laini nilikuwa nimeitoa Kigoma nikaweka ya mtandao mwingine sababu ya bando. Haipatikani. Mwizi alikuja kupatikana siku ya tatu, mtu wa huko huko, lakini siku mbili hizo mzee aliitwa mara mbili kituoni kueleza kwanini alilaza watu asiowajua.

Mshkaji akaniangalia. Mi nikaangalia dumu la mawese.

"Peni hii hapa," mzee akasema. "Andikeni tarehe ile mliyoondoka, msiandike ya leo." Tukasaini. Akafunga kauntabuku na ule mpira wa tyubu, ndio akageuka kuelekea jikoni, "Mama, wale wa Morogoro wamerudi, leta viti."

Tukakaa. Ilikuwa saa tisa alasiri, na mshkaji akauliza hata chai haijafika, "Mzee, leo tukilala hapa tutasumbua?"

Akafungua tena ule mpira.